Matunda pori yakiiva yanabaki na nini? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nauza ubuyu, ukwaju na makunazi hapa Dodoma, na msimu ukifika naleta na ng'ongo na furu, mabungo nikipata mtu wa kunitumia kutoka pwani. Haipiti siku sijaulizwa dada hili likiwa bichi lina vitamini gani, likiiva zinaenda wapi, mtoto ale lipi, mwenye sukari ale lipi. Voisi za wasap zimejaa mpaka simu inagoma, kwahiyo nimekaa chini nimeyaandika yote hapa, atakayeuliza tena namtumia hii. Mpangilio usiutafute, yamekaa vile yanavyoulizwa.

Pevu na bivu si kitu kimoja tu jamani?

Hapana, na hapa ndo watu wengi wanapotelea. Tunda pevu ni lile lililomaliza kukua, kokwa yake ndani imekomaa, ukiifukia inaota. Bivu ni pevu lililoenda hatua nyingine, limelainika, limepata utamu, harufu na rangi yake. Mkungu wa ndizi unakatwa ukiwa pevu unavundikwa unaiva ndani ya nyumba hakuna shida, ila embe likichumwa teke, yani halijapevuka, hata ulivundike wiki mbili litasinyaa tu, likipata rangi ni ya nje, ndani limekaa kama kiazi. Yani kuiva kunaweza kumaliziwa nyumbani lakini kupevuka ni kazi ya mti, hamna wa kumsaidia.

Wazee wa pwani hili walishalijua zamani, angalia nazi tu ina majina mangapi, kidaka, kitale, dafu, koroma, ndo inakuja nazi yenyewe. Kila jina ni chakula tofauti. Dafu ni maji ya sukari na nyama laini ya kukwangua na kijiko, koroma maji yameanza kupoteza utamu nyama inakaza, nazi kavu imejaa mafuta karibu theluthi ya nyama yake yote. Tunda ni lilelile na mnazi ni uleule. Ndo maana mtu akiniuliza "ubuyu una nini" namrudishia swali, ubuyu wa lini?

Ndani ya tunda kinafanyika nini hasa likiwa linaiva?

Mambo mengi kwa mpigo, na kila moja lina ratiba yake, hilo ndo la kushika kuliko yote kwenye ukurasa huu.

Chukua ndizi maana kila mtu anaijua. Ikiwa mbichi karibu robo ya nyama yake ni wanga, ukiitafuna ni kama unatafuna muhogo mbichi. Ikiiva vimeng'enya vinaukatakata ule wanga kuwa sukari, unabaki kidogo sana, asilimia moja au mbili hivi, na sukari iliyokuwa haifiki kijiko inapanda mpaka kwenye asilimia 20. Hakuna sukari iliyotoka nje, mkungu ulishakatwa siku nyingi, ni mali ileile imebadilishwa noti. Makusu ya Songea na mbura wanaenda njia hiyohiyo kila mmoja kwa kiasi chake.

Wakati huohuo asidi zinapungua, sehemu kubwa kwasababu tunda lenyewe linapumua na linazitumia kama mafuta ya kuendeshea hiyo kazi yote. Pektini, ile gundi inayoshikanisha chembe na chembe, inalegea na ndo maana tunda linabonyea. Klorofili, ile rangi ya kijani, inavunjika, na hapo ama rangi ya njano iliyokuwa imejificha chini inaonekana ama rangi mpya inatengenezwa, zambarau linatoka kijani linakuja pinki linaishia jeusi la kupaka ulimi. Halafu kuna ukakasi.

Ukakasi ni nini na unaenda wapi?

Hili nalipenda. Weka furu la kijani mdomoni, ulimi unakuwa kama umepigwa msasa, mate yanakauka, mashavu yanavutika kwa ndani. Hiyo ni tanini. Zinanata kwenye protini za mate yako zinaziganda, sasa mate bila zile protini hayatelezi tena, ndo hiyo hali unayoisikia. Furu likiiva likawa jeusi tanini nyingi zinakuwa zimeungana zikawa minyororo mirefu isiyoweza kunata kirahisi, au zimejishika na vitu vingine vya ndani ya tunda, kwahiyo bado zipo kiasi lakini ulimi hauzisikii. Watu wanadhani zimeyeyuka, hazijayeyuka zote.

Na mti unafanya vile kwa makusudi yake. Kokwa ikiwa changa mti hautaki nyani wala popo wala mtoto wa jirani aguse, kwahiyo unaweka walinzi, ukakasi, uchungu, uchachu mkali, utomvu. Bungo bichi ukilikata linakutoa utomvu mweupe unanata vidoleni mpaka upake mafuta. Kokwa ikikomaa mambo yanageuka, sasa mti unataka mtu ale, aende mbali, akaiache kokwa huko, kwahiyo unaondoa walinzi na kuweka sukari, harufu na rangi ya kuita wateja. Bungo lilelile linakuwa la machungwa na harufu unaisikia toka mlangoni.

Kwahiyo bivu ndo lina vitamini zaidi?

Inategemea vitamini gani na tunda gani, samahani kwa jibu la kisiasa ila ndo ukweli.

Vitamini C ndo msumbufu kuliko zote. Embe bichi lile la kukata na pilipili na chumvi lina vitamini C nyingi kuliko likishaiva, inashuka kadri linavyoiva. Pera ni kinyume, inapanda kadri linavyokomaa, inashuka likianza kupitiliza, na pera bivu zuri linaweza kufika zaidi ya miligramu 200 kwa gramu 100 wakati chungwa lina kama 50. Kunazi likiwa limegeuka la njano, bado linakatika "kra" kwenye meno, hapo ndo pa kulila kama unatafuta vitamini C, likishakuwa la kahawia limesinyaa utamu ni mkali kweli lakini vitamini imeshaliacha.

Zile za rangi ya njano na machungwa, karotini ambazo mwili unazigeuza vitamini A, hizo kwa kawaida zinapanda na kuiva. Ukiona nyama ya tunda imetoka kwenye weupe imekuja machungwa, ni karotini unaziona kwa macho, embe, papai, ndo hivyo. Rangi nyeusi na zambarau ni kitu kingine, inaitwa anthosianini, nayo inapanda na kuiva lakini haigeuki vitamini A, msichanganye. Kuna mteja alikuwa anampa mtoto zambarau kwa ajili ya macho, nikamwambia mama mpe tu zinamsaidia mambo mengine ila kwa macho nenda kwenye papai na matembele.

Madini kama chokaa (kalsiamu) na potasiamu hayabadiliki sana kwa kuiva kwenyewe, yaliingia wakati tunda linakua na hayaendi popote. Ukiona jedwali linasema tunda lililokaukia mtini lina chokaa nyingi kuliko bichi jiulize kwanza maji yameenda wapi, maana maji yakipungua kila kitu kinaonekana kimeongezeka. Mizani inadanganya sana hapa.

Ubuyu wenyewe unaivaje, mbona ni mkavu toka mtini?

Ubuyu una tabia za peke yake. Baada ya ua buyu linachukua kama miezi mitano sita, linakua kubwa, gamba la kijani lina manyoya laini kama velveti, na ukilipasua wakati huo nyama ya ndani ina unyevu, inanata, ladha chachu isiyo na mwili. Halafu badala ya kulainika kama matunda mengine, linakaukia palepale mtini. Maji yanatoka taratibu mpaka yanabaki asilimia kumi na kitu, na ule unyevu uliokuwa unanata unakuwa vipande vyeupe vinavyovunjika kama chokaa ya ubaoni vikiwa vimeshikilia mbegu, katikati nyuzi nyekundu zinapita. Yani mti umeshafanya kazi ya kiwanda, umekausha na kufungasha, na gamba ngumu ndo pakiti.

Sasa lishe yake. Vitamini C ya unga wa ubuyu kwa kawaida inatajwa kati ya miligramu 150 na 300 kwa gramu 100, zipo sampuli za juu zaidi, inatofautiana mti na mti hata kama imesimama jirani. Chokaa nayo iko juu, karibu miligramu 300. Faiba inaweza kuwa karibu nusu ya unga wote na sehemu kubwa yake ni pektini, ndo maana juisi ya ubuyu inakuwa nzito bila kuweka kitu. Umoja wa Ulaya waliuruhusu unga huu kama chakula kipya mwaka 2008 na Marekani wakafuata 2009, ndo toka hapo unaona wazungu wanautafuta, sisi tulikuwa tunaumung'unya tukienda shule.

Ila hapa lazima niseme kitu ambacho wauzaji wenzangu hawakipendi. Ile tunayoisema sokoni kwamba ubuyu una vitamini C "mara sita ya chungwa" ni kulinganisha unga mkavu na tunda lenye maji asilimia 87. Nani anakula gramu 100 za unga wa ubuyu kwa mkupuo? Vijiko viwili vya chakula ni kama gramu 10 mpaka 15, hapo hata ubuyu wenye miligramu 300 unakupa 30, 40 hivi, na mtu mzima kwa kipimo cha WHO anahitaji 45 kwa siku. Bado ni kitu kizuri sana, ni karibu mahitaji ya siku nzima kwenye glasi moja, sema hakuna uchawi.

Nilinunua ubuyu ukageuka kahawia ndani ya mwezi, ni kuiva?

Pole, yalinikuta na mimi. Kuna mwaka nilichukua magunia manne kwa mtu alikuja na bei nzuri mno, nikaona leo nimeamka vizuri. Kumbe mabuyu yalipigwa na fimbo yakiwa bado ya kijani kwa sababu mchumaji alitaka kuwahi soko, yakapasuliwa yakaanikwa juu ya turubai juani. Ukishika unga ulikuwa haumwagiki, unakaa kama unga wa ngano uliopata mvuke. Wiki ya tatu nikafungua gunia, rangi ya udongo, harufu ya chachu, chini umefanya mabonge. Nililia bwana, si utani.

Hiyo sio kuiva, ni unyevu. Ubuyu ambao haujamaliza kukaukia mtini unabaki na maji ya kutosha kuifanya vitamini C iharibike haraka na ule weupe kugeuka, na ukungu nao unapata makao. Na hata ubuyu mzuri ukiuweka kwenye kopo la wazi jikoni karibu na jiko unaishia hukohuko. Chombo kikavu, kifuniko kinachobana, mbali na mwanga na joto. Mie siku hizi naingiza mkono mpaka chini ya gunia kabla sijatoa hela.

Ukwaju mbona hata ukiiva bado unakamua meno?

Kwasababu asidi yake kubwa ni ya tatariki, na hiyo haifanyi kama asidi za matunda mengine. Embe linapoiva asidi inatumika inapungua, ukwaju hapana, ile tatariki inabaki karibu ileile kuiva kote, mara nyingi asilimia 8 mpaka 18 ya nyama yake ambayo ni nyingi ajabu. Kinachobadilika ni sukari, inapanda mpaka asilimia 30 au 40. Kwahiyo ukwaju bivu ni mtamu sana na mchachu sana kwa wakati mmoja, hakuna kilichomshinda mwenzake, ukweli matunda yenye tabia hii ni machache mno.

Toka ua mpaka uive ni miezi kama nane mpaka kumi. Ukiwa bado, ganda limeshikana na nyama na nyama ni ya kijani ngumu, watu wa kupika mchuzi wa samaki wengine wanaupenda hivyo. Ukiiva nyama inasinyaa inaachana na ganda, ukibonyeza kwa dole gumba ganda linavunjika kama la yai. Vitamini C msiutafute kwenye ukwaju, ni kidogo sana, watu wanadhani kila kichachu ni vitamini C na sio kweli hata kidogo, uchachu ni asidi tu na asidi ziko za kila aina.

Nilichuma zambarau nyekundu nikazivundika siku nne hazijaiva, nimekosea wapi?

Hukukosea kuvundika, umekosea tunda. Matunda yako makundi mawili. Kuna yanayoendelea kuiva yakishachumwa ilimradi ni pevu, ndizi, embe, papai, pera, parachichi, kunazi, ng'ongo. Na kuna ambayo yakitoka mtini ndo basi, zambarau, chungwa, nanasi, zabibu, hayo yatalainika, yatakauka, yataoza, lakini sukari haiongezeki tena. Zambarau subiri liwe jeusi mtini.

Kundi la kwanza lina kengele yake ya siri, gesi inaitwa etilini. Tunda likifika muda wake linaanza kuitoa, na gesi ileile inaliamsha litoe zaidi na linaamsha na majirani, ndo maana ndizi moja iliyoiva kwenye tenga inaambukiza tenga zima. Mama zetu walipofukia ndizi shimoni na majani na moshi kidogo, au kuziba makusu kwenye chungu, walikuwa wanaifungia hiyo gesi isitoroke, hawakuita etilini ila walijua. Mwaka 1934 Mwingereza mmoja Richard Gane ndo akathibitisha maabara kwamba tunda lenyewe linaitoa. Na Misri ya kale watu walikuwa wanapanda mikuyu kwenda kuyachanja matunda kwa kisu ili yaive upesi, jeraha linatoa etilini, kazi ileile. Amosi kwenye Biblia anajitambulisha kwamba alikuwa mchungaji na mtu wa mikuyu, basi alikuwa fundi wa etilini kabla ya jina.

Kabaidi, ile kemikali ya kuivishia matunda haraka, achaneni nayo. Ile inatoa gesi ya asetilini inayomuigiza etilini, ya viwandani inakuwa na mabaki ya aseniki na fosforasi, na tunda teke linageuka rangi nje wakati wanga ndani haujaguswa. Unauziwa rangi.

Ng'ongo zinaanguka zikiwa za kijani, niziokote au zimeharibika?

Okota! Ng'ongo ndo desturi yake, inaanguka pevu ikiwa ya kijani na inamalizia kuivia chini, siku chache inakuwa ya njano na harufu inasambaa. Mbura nao ni vilevile. Ukipanda kuchuma za juu unazoziona za kijani unachukua ambazo bado hazijaamua kuachia, nyingi zitakudanganya.

Ikiwa ya njano ngozi inatoboka kwa jino unanyonya majimaji na ule uteute unaoshika kokwa, vitamini C yake iko juu zaidi ya mara mbili ya chungwa. Kokwa usitupe, ipasue kwa jiwe taratibu, vile vijipunje vya ndani zaidi ya nusu yake ni mafuta na zaidi ya robo ni protini, kwa hiyo tunda moja limebeba juisi ya vitamini nje na karanga ndani. Kupasua ni kazi ya kuumiza vidole, nakiri.

Ikikaa chini siku nyingi hamira za porini zinaingia kwenye sukari zinaanza kutengeneza pombe, kiasi kidogo, vitamini C ndo hapo inaondoka. Na mnaniuliza sana kama ni kweli tembo wanalewa kwa kula ng'ongo zilizochacha. Mwaka 2006 watafiti wa Bristol kule Uingereza walipiga hesabu wakaona kwa mwili wa tembo angetakiwa ale ng'ongo zilizochacha nyingi kupita uwezo, na tembo mwenyewe anapenda za mtini. Halafu 2020 wengine wakaangalia vinasaba wakakuta tembo hana kile kimeng'enya kinachosaidia kuivunja pombe haraka kama sisi, kwahiyo ile hesabu ya mwanzo ilimpa kichwa kigumu kuliko alichonacho. Mjadala bado uko wazi, mimi sijawahi kumuona tembo akipepesuka.

Matunda yote yanaishia kwenye sukari?

Hapana. Nenda Kigoma uangalie chikichi. Ikiwa changa ni nyeusi kwa juu na chini imepauka, ndani maji tu na hamna cha maana. Mafuta yanaanza kuingia mwishoni kabisa, wiki za mwisho mwisho kabla ya kuiva, halafu yanajaa kwa kasi mpaka nyama ya nje inakuwa karibu nusu mafuta, rangi inakuja ya machungwa na nyekundu kwa karotini. Ukivuna wiki mbili mapema umeacha mawese mengi mtini. Ukichelewa nayo ni shida, chikichi ikibondeka kimeng'enya chake chenyewe kinaanza kuvunja mafuta, mawese yanakuwa makali kooni. Sokwe wa Gombe hizi chikichi ni chakula chao kikubwa, na hakuna aliyewafundisha rangi ya kuchuma.

Mwenye kisukari ale bichi au bivu?

Mimi si daktari, aliyekupa dawa ndo wa kumuuliza kiasi. Ninachoweza kusema ni kilichomo, tunda ambalo halijaiva sana lina wanga mgumu kusagika na sukari kidogo, kwahiyo sukari ya damu inapanda polepole, na lililoiva sana linaipandisha haraka. Makunazi yale ya kahawia yaliyosinyaa ni sukari iliyokusanyika, kumi hayo sio sawa na kumi ya njano. Unga wa ubuyu mtupu una faiba nyingi unatuliza, ila ule ubuyu mwekundu wa kumung'unya, wa Zanzibar na Mombasa, umepikwa na sukari na rangi, ni pipi hiyo, tamu sana na nauza pia, ila ni pipi.

Mtoto amekula matunda mabichi porini, kuna hatari?

Mengi yanaishia kwenye tumbo kuuma na kufunga choo, tanini hizo. Tanini pia zinashika madini ya chuma kwenye chakula yasiingie mwilini, kwahiyo mtoto mwenye upungufu wa damu asiwe anashindia zambarau na furu ambazo hazijaiva. Vitamini C inafanya kinyume, inasaidia chuma ya kwenye mboga na maharage kuingia, ndo raha ya kumpa juisi ya ubuyu na ugali maharage.

Ila yapo ya kuogopa kweli. Matunda ya mnavu yakiwa ya kijani yana sumu, yale meusi yaliyoiva kabisa ndo watoto wanakula na hata hapo mtu awe anayajua. Na matonga, lile lenye gamba kama mti, bichi ni chungu na likiiva likawa la machungwa nyama yake ni tamu mno, lakini mbegu zinatemwa, hazitafunwi, huo mti ni ndugu wa ule wa Asia ambao ndo sumu ya strikinini ilitoka kwake. Mkanye mtoto mapema.

Nikikausha au kupika lishe inabaki?

Sukari, faiba na madini vinabaki. Vitamini C inakimbia joto, jua na hewa, karotini inakimbia jua. Anika kivulini penye upepo, katakata vipande vyembamba ikauke upesi. Ubuyu usiuchemshe kwenye uji, epua uji kwanza, upoe uwe wa vuguvugu, ndo ukoroge unga.

Ya porini yana lishe kuliko ya shambani?

Mara nyingi faiba zaidi, sukari kidogo, mbegu kubwa nyama kiduchu, kwasababu hakuna aliyeyachagua kizazi kwa kizazi yawe makubwa na matamu. Mengine ni bora kweli kama ubuyu na ng'ongo. Mengine ni ya njaa tu tusidanganyane.

Dada nitajuaje buyu limeiva bila kulipasua?

Yale manyoya ya kijani yamegeuka ya kahawia au kijivu na ukipangusa yanatoka mkononi, yanawasha kidogo. Kikonyo kimekauka hakina ubichi ukikikwaruza na kucha. Libebe, liwe jepesi kuliko ukubwa wake. Halafu litikise karibu na sikio, la kijani linakaa kimya kama jiwe, lililoiva unasikia vipande vinagonga gamba, kokoko, kama kuna mtu ndani anatafuta mlango.